Karatasi ya kukadiria kasi halisi ya ndege: hatua moja imezidi

Kwenye blogu hii tumezoea kuhakiki vitabu na filamu za sayansi. Leo nahakiki karatasi. Ni kurasa mbili tu, fotokopi ya fotokopi, haina jina la mwandishi wala tarehe. Nimeletewa na rafiki yangu niliyesoma naye sekondari Mombasa, ambaye sasa anajifunza urubani Nairobi, Uwanja wa Wilson. Alikuja nayo siku mbili kabla ya mtihani wa nadharia. "Dada, wewe ni mtu wa fizikia. Hebu niangalizie, mbona jibu langu halikubali?"

Nikakaa nayo jioni nzima. Karatasi inafundisha namna ya kukadiria kasi halisi ya ndege hewani bila kompyuta, kwa hatua tatu:

1. Tafuta mwinuko wa densiti.
2. Kwa kila futi 1,000 za mwinuko huo, ongeza asilimia 2 kwenye kasi unayosoma kwenye geji.
3. Kisha rekebisha halijoto: kwa kila nyuzi 5 za Selsiasi juu ya joto sanifu, ongeza asilimia 1.

Inasomeka vizuri. Ni fupi, unaishika kichwani, na kila hatua ikisimama peke yake ina ukweli fulani ndani yake. Shida iko kwenye mchanganyiko. Ukizifuata zote tatu unapata kasi ambayo ndege yako haina, na kosa lenyewe kila mara linaelekea upande mmoja, ule wa kukufanya uamini utafika mapema.

Geji ya kasi inapima nini hasa?

Tuanzie hapa, maana bila hili lililobaki halitaeleweka. Geji ya kasi kwenye ndege haihesabu umbali kama ile ya gari. Inapima presha. Kuna mrija umeelekezwa mbele, hewa inausukuma, na geji inalinganisha msukumo huo na presha ya hewa iliyotulia. Mfaransa Henri Pitot alitumia wazo hilo mwaka 1732 kupima mwendo wa maji ya mto Seine, na mpaka leo mrija huo unaitwa kwa jina lake.

Msukumo huo unategemea vitu viwili: kasi yako, na densiti ya hewa, yaani ni kilo ngapi za hewa zimo ndani ya mita moja ya ujazo. Geji haijui densiti ya hewa uliyomo. Waliyoitengeneza waliifunga kwenye thamani moja tu, kilo 1.225 kwa mita ya ujazo, ambayo ni densiti ya usawa wa bahari kwenye "hewa sanifu" (nyuzi 15, presha hektopaskali 1013). Ukipanda juu, hewa inakuwa nyepesi. Ili mrija upate msukumo uleule, ndege lazima iende kasi zaidi. Kwa hiyo geji inasema noti 110 (noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa), huku wewe unapasua hewa kwa noti 120 au 130.

Kurekebisha si kazi ngumu. Gawanya 1.225 kwa densiti ya hewa uliyomo, tafuta kipeuo cha pili, zidisha na kasi ya geji. Basi. Kwa ndege ndogo zinazokwenda taratibu, hesabu inaishia hapo.

Sasa ona kilichomo kwenye hesabu hiyo. Kuna densiti, halijoto haimo. Si kwamba halijoto haina maana. Ina maana kubwa. Ila imeshafanya kazi yake kabla hujafika hapo. Densiti unaipata kutoka kwa presha na halijoto, na ukishaipata, halijoto imo ndani tayari, kama chumvi iliyokwisha kuyeyuka kwenye mchuzi.

Mwinuko wa densiti, na chumvi mara mbili

Mwinuko wa densiti ni namna ya kuitaja densiti kwa futi badala ya kilo. Unajiuliza: kwenye hewa sanifu, ningepanda futi ngapi ndipo nikute hewa nyepesi kama hii? Siku ya joto, hewa ya Wilson ni nyepesi kuliko urefu wa uwanja unavyodokeza. Uwanja uko takriban futi 5,500 juu ya bahari. Tuchukue kwa urahisi kwamba mwinuko wa presha ni huohuo. Mchana wa nyuzi 28, mwinuko wa densiti unafika kama futi 8,200. Ndege iko ardhini, magurudumu yanagusa lami, lakini mabawa na injini vinahisi hewa ya futi elfu nane.

Kilichouinua mwinuko huo kutoka 5,500 hadi 8,200 ni nini? Halijoto, hakuna kingine. Hewa sanifu kwa urefu ule ingekuwa na nyuzi 4 hivi. Sisi tuna 28. Tofauti hiyo yote imelipwa kwenye hatua ya kwanza ya karatasi. Halafu hatua ya tatu inarudi na kudai malipo tena.

Hilo ndilo kosa lililomsumbua rafiki yangu. Ni rahisi kuelewa namna lilivyozaliwa. Kuna kanuni halali inayotumia mwinuko wa presha kisha inarekebisha halijoto. Kuna nyingine halali inayotumia mwinuko wa densiti bila kugusa halijoto. Mtu fulani, siku fulani, alizishona pamoja akidhani anaongeza usahihi.

Utauliza: hakuna mahali ambapo mwinuko wa densiti na halijoto vinatakiwa vyote viwili? Vipo. Ukitaka kurudi nyuma upate presha, unavihitaji vyote. Ukitaka namba ya Mach, yaani kasi yako ukilinganisha na kasi ya sauti, unahitaji halijoto, kwa sababu kasi ya sauti hewani inaamuliwa na halijoto. Marubani wa ndege za jeti wanakwenda njia hiyo: Mach mara kasi ya sauti, wanapata kasi halisi. Lakini hiyo ni njia nyingine, ina mlango wake. Mwanafunzi kwenye ndege ya viti vinne hapiti huko.

Asilimia 2 nayo ina maneno yake

Tuseme tumeifuta hatua ya tatu. Je, hatua ya pili iko salama? Nilipiga hesabu kwa hewa sanifu, urefu kwa urefu. Ongezeko la kweli la kasi, kisha lile la kanuni:

- Futi 5,000: kweli asilimia 7.7, kanuni 10
- Futi 10,000: kweli 16.4, kanuni 20
- Futi 15,000: kweli 26.1, kanuni 30
- Futi 20,000: kweli 37, kanuni 40
- Futi 26,000: kweli 52, kanuni 52
- Futi 30,000: kweli 63.5, kanuni 60

Angalia pale zinapokutana: futi 26,000. Kanuni inayofundishwa kwa wanafunzi wa ndege ndogo inakuwa sahihi kabisa kwenye urefu ambao ndege hizo hazifiki. Huku chini wanakoruka kila siku inazidisha. Sababu ni kwamba ongezeko la kweli si mstari ulionyooka, ni mkunjo. Linaanza kwa asilimia 1.5 hivi kwa kila futi 1,000, kisha linakuwa kali kadiri unavyopanda. Kanuni imechukua mstari mmoja kutoka sifuri na kuukata mkunjo huo juu kabisa.

Nilipofika hapo nilikuwa tayari kuandika kwamba kanuni ya asilimia 2 ni mbovu. Nikajizuia, nikaijaribu kwa mwinuko wa presha badala ya mwinuko wa densiti. Hapo nikakutana na jambo ambalo sikulitarajia.

Chukua Wilson asubuhi, nyuzi 17. Mwinuko wa presha futi 5,500. Kanuni inasema ongeza asilimia 11. Hesabu kamili inasema asilimia 11. Kumbe! Panda hadi futi 10,000, ambako kwenye anga letu la tropiki nyuzi 10 si jambo la ajabu. Kanuni inasema asilimia 20, hesabu kamili inasema 19.5. Tofauti ni nusu noti.

Imekuwaje? Makosa mawili yamefutana. Kanuni inazidisha kwa sababu mstari wake ni mkali mno. Hewa yetu nayo ni ya joto kuliko hewa sanifu kwa nyuzi kumi na kitu, kwa hiyo kasi ya kweli inapanda kuikuta kanuni. Hewa sanifu ni wastani uliokubaliwa kimataifa na unafanana zaidi na anga la latitudo za kati. Hapa kwetu karibu na ikweta tunaishi juu yake mwaka mzima. Hivyo kanuni ya asilimia 2, ukiitumia na kile altimeta inachokuonyesha, inafanya kazi vizuri Afrika Mashariki pengine kuliko mahali penye hewa sanifu kabisa.

Hiyo ni sifa ya kweli na ninaitoa bila kinyongo. Lakini ni bahati, na bahati hii ina masharti. Sharti la kwanza: usiguse halijoto. Ukileta mwinuko wa densiti, umeleta joto lile ambalo kanuni ilikwisha kulibeba kimyakimya, na mizani inaanguka. Sharti la pili: siku iwe ya kawaida. Wilson mchana wa nyuzi 28, ongezeko la kweli ni asilimia 13.1, na kanuni bado inasema 11.

Dakika kumi

Sasa tuipeleke karatasi safarini. Mwinuko wa presha futi 10,000, nyuzi 10 nje, geji inasoma noti 110, upepo hakuna. Mwinuko wa densiti ni kama futi 11,700.

- Hesabu kamili: noti 131.5
- Asilimia 2 kwa mwinuko wa presha: noti 132
- Asilimia 2 kwa mwinuko wa densiti: noti 136 kasoro kidogo
- Karatasi nzima, hatua zote tatu: noti 139

Safari ya maili za baharini 395 itachukua saa 3 kamili. Karatasi inaahidi saa 2 na dakika 50. Dakika kumi zimepotea kwenye karatasi kabla injini haijawashwa. Kwa sheria za Marekani, kwa mfano, anayeruka mchana kwa kutazama nje anatakiwa abebe akiba ya mafuta ya dakika 30 baada ya kufika anakokwenda. Theluthi ya akiba hiyo imekwisha kuliwa na karatasi, na rubani hajui.

Najua pingamizi litakalokuja, kwa sababu rafiki yangu alilitoa palepale: "Lakini utabiri wa upepo wenyewe unakosea zaidi ya noti saba. Halafu kuna GPS." Ni hoja nzuri, niijibu kwa utaratibu.

Upepo unakosea huku na huku. Leo unakuchelewesha, kesho unakuwahisha. Kosa la karatasi halina kesho. Kila siku ya joto linakudanganya upande uleule. Makosa ya aina hiyo hayafutani, yanajumlishana. Siku upepo nao ukikugeukia, dakika kumi zako za karatasi zinakaa juu ya za upepo.

Na GPS? Inakupa kasi yako juu ya ardhi, na inakupa ukiwa tayari uko angani. Mafuta yanapangwa ardhini. Zaidi ya hapo, ili ujue upepo unakufanya nini, lazima ulinganishe kasi ya ardhini na kasi halisi hewani. Kasi halisi ikiwa imetiwa chumvi noti saba, utaona upepo wa mbele wa noti saba ambao haupo, na utaulaumu utabiri.

Kile ambacho karatasi imekisahau

Lawama yangu kubwa kwa karatasi, hata hivyo, si hesabu. Ni kwamba kurasa mbili nzima hazisemi popote kasi halisi inatumika wapi na wapi haitumiki.

Turudi Wilson, mchana wa nyuzi 28, ndege inakuja kutua. Tuseme kitabu cha ndege kinataka noti 65 kwenye geji. Kasi halisi ni noti 73.5. Rubani anafanyaje? Anashika noti 65 za kwenye geji, kama angekuwa Mombasa. Bawa linabebwa na msukumo uleule ambao geji inaupima, kwa hiyo kwa uzito uleule, bawa linaacha kubeba kwenye namba ileile ya geji, ukiwa pwani au ukiwa Nairobi. Hakuna asilimia za kuongeza hapo.

Kinachobadilika ni kile anachokiona dirishani. Ardhi inamkimbilia upesi kuliko alivyozoea. Mtu aliyejifunza pwani akija huku juu, macho yanamwambia "unakwenda mbio mno", mkono unavuta usukani, kasi ya geji inashuka, na bawa linaweza kuacha kubeba akiwa karibu na ardhi, mahali ambapo hakuna nafasi ya kusahihisha. Upande wa pili ni njia ya kurukia. Nishati ya mwendo inakwenda kwa mraba wa kasi halisi, kwa hiyo noti 73.5 badala ya 65 ni asilimia 28 zaidi ya nishati ya kumalizwa na breki. Wakati wa kupaa vilevile: unahitaji kasi kubwa zaidi ya ardhini ili uache lami, na injini isiyosukumiwa hewa inavuta hewa nyepesi na kutoa nguvu pungufu.

Hapa ndipo mwinuko wa densiti unapostahili heshima yake: kwenye majedwali ya kupaa na kutua. Karatasi imeuchukua ukafanye kazi ya kukadiria kasi ya safari, kazi ambayo ingefanyika bila huo, na imeacha kumwambia mwanafunzi kazi ambayo bila huo anaweza kuumia.

Niongeze jambo la pwani kwa haraka, kwa kuwa huwa linaulizwa. Unyevu nao hupunguza densiti, maana mvuke wa maji ni mwepesi kuliko hewa kavu. Usawa wa bahari, nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80, mwinuko wa densiti unapanda kama futi 400 zaidi. Kwenye kasi halisi hiyo ni nusu asilimia na ushei. Kwa kukadiria kasi, usihangaike nao.

Duara la zamani lilijua

Rafiki yangu ana duara la kukokotoa la plastiki, lile linaloitwa E6B, lenye asili yake kwenye kazi ya Philip Dalton huko Marekani miaka ya 1930. Nilimwomba alilete. Unalinganisha halijoto na mwinuko wa presha kwenye dirisha moja dogo. Bila kugusa kitu kingine, dirisha la pembeni linakuonyesha mwinuko wa densiti, na ukingoni mwa duara, mkabala na kasi ya geji, unasoma kasi halisi.

Mzunguko mmoja, majibu mawili. Hakuna mahali ambapo duara linakuomba halijoto mara ya pili. Kipande cha plastiki kinaeleza fizikia hii vizuri kuliko karatasi yetu: mwinuko wa densiti na kasi halisi ni ndugu, wamezaliwa na presha na halijoto ileile. Hummalizi mmoja ili umtengenezee mwenzake kwa kurudia mzazi.

Hukumu yangu

Karatasi ningeibakiza, ila ningeiandika upya hivi. Una altimeta tu na unataka kadirio la haraka katika anga letu: asilimia 2 kwa kila futi 1,000 za mwinuko wa presha, na uachie hapo. Una mwinuko wa densiti tayari: asilimia 1.5 kwa kila futi 1,000, na usiguse halijoto. Kwenye mfano wetu wa safari, hii ya pili inatoa noti 129. Inapunguza noti mbili na kitu, na kwa mtu anayepanga mafuta, kukosea upande huo ni afadhali. Kuanzia chini hadi futi 12,000 haitoki nje ya ukweli kwa zaidi ya asilimia mbili. Ukitaka kamili, lipo duara, na kipo kikokotoo cha simu.

Halafu ningeongeza mstari mmoja kwa herufi kubwa: namba hizi ni za kupanga safari, ukikaribia ardhi, fuata geji.

Rafiki yangu alifuta hatua ya tatu kwa kalamu nyekundu, akabadilisha 2 ikawa 1.5, majibu yake yakakubali. Kisha akaikunja karatasi kuirudisha mfukoni, akasita. Aliipata kwa mwenzake wa darasa la mbele, na yeye mwenyewe ameshawapigia fotokopi watu watatu. Usiku huo aliwatumia ujumbe wote watatu. Yule wa darasa la mbele alijibu kwamba naye alipewa.

Kama unayo karatasi ya namna hii, ya somo lolote, jaribu namba moja tu ambayo jibu lake unalijua kwa njia nyingine. Hii yetu ingekamatwa kwa mzunguko mmoja wa duara.